Cherehani ya mguu au ya mkono: namna ya kuchagua kati ya hizi za zamani

Cherehani ya mkono inachukua mkono wako wa kulia. Cherehani ya mguu inachukua pembe nzima ya chumba. Anayetafuta cherehani ya zamani isiyotaka umeme akilielewa hilo mapema, nusu ya uamuzi imeshakamilika. Wengi huanzia kwingine. Huvutiwa na maua ya dhahabu yaliyochorwa kwenye kichwa cha mashine, au na mwaka ilipotengenezwa, kisha wanajikuta na chombo cha kupendeza ambacho sindano yake haipatikani, au kisichowafaa kwa kazi waliyokusudia.

Nazipenda zote mbili, na nitasema wazi pale ninapoona moja inaizidi nyenzake. Ninazungumzia mashine za kushona majumbani zilizotengenezwa tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20, zile zenye kichwa cha chuma cheusi kizito, zinazoshona mshono ulionyooka kwa nyuzi mbili, wa juu na wa chini.

Kichwa kimoja, namna mbili za kukizungusha

Tusidhani kwamba ya mguu na ya mkono ni jamii mbili zisizojuana. Mara nyingi kichwa ni kile kile; kinachotofautiana ni nguvu inayokizungusha. Singer, kampuni iliyoanza Marekani mwaka 1851, iliuza vichwa vya modeli moja vikiwa juu ya meza yenye pedali, au juu ya kitako cha mbao vikiwa na mpini wa kuzungushia, na baadaye vikiwa na mota. Ndiyo maana modeli kama 15, 66 na 201 unaweza kuzikuta katika sura zote hizo.

Kwa mnunuzi hii ni habari njema, maana uamuzi wa leo unaweza kubadilishwa baadaye, ilimradi kichwa chenyewe kinaruhusu. Kagua nguzo ya kulia, chini ya gurudumu la mkono. Panatakiwa pawe na kinundu cha chuma chenye tundu la skrubu: hapo hufungwa mota, na hapo hapo hufungwa mpini wa mkono. Vichwa vingi vya zamani zaidi vilivyokusudiwa pedali tu havina kinundu hicho, na kukitengeneza ni kazi ya fundi wa vyuma. Kisha tazama gurudumu lenyewe. Likiwa na spoku, kidole cha mpini kitapenya katikati yake na kulisukuma. Likiwa bamba zima lisilo na uwazi, itabidi utafute gurudumu jingine.

Anayetaka kuhama kutoka mkono kwenda mguu ana mambo yake ya kukagua. Ukingo wa nyuma wa kitako cha chuma uwe na matundu mawili ya kupokea bawaba za meza, na gurudumu liwe na mfereji wa kukalia mkanda. Ukubwa pia ni jambo la kupimwa. Singer 28, 128 na 99 ni vichwa vya robo tatu: vidogo kwa makusudi, ili vibebeke. Meza ya kawaida ya pedali ilikatwa kwa kichwa kamili, kwa hiyo hivi vidogo havikai sawa bila kuongezewa fremu ya mbao. Nazo 15-91 na 201-2 zina mota iliyojengwa ndani na kuzungusha mashine kwa gia bila mkanda. Ni mashine nzuri sana, ila si za kugeuzwa. Waachie wapenda umeme.

Mkono wa kulia

Mpini hauzungushi gurudumu moja kwa moja. Katikati kuna gia mbili, na katika mpini wa kawaida wa Singer, mzunguko mmoja wa mkono hutoa takriban mishono mitatu. Kwa kuwa gia mbili zilizoshikana huzunguka kinyume, unasukuma mpini kwenda mbele, mbali nawe, huku gurudumu la mashine likija upande wako. Mwanzoni mkono hubisha kidogo, baada ya muda mfupi hausumbuki tena.

Raha ya cherehani ya mkono ni kusimama. Ukiacha kuzungusha, sindano imeacha. Hakuna mshono mmoja wa ziada unaokuponyoka. Kwenye ncha ya kola, kwenye kona ya mfuko, kwenye zipu, kwenye kiraka chenye upande mfupi kuliko kidole, unahesabu mishono yako mmoja mmoja na kila mmoja unatua pale ulipotaka. Wanaoshona blanketi za viraka huzipenda mashine hizi kuliko zote, na wana haki: kazi yao ni vipande vidogo na mistari mifupi iliyonyooka. Mtoto anayefundishwa kushona pia aanzie hapa. Mwendo wa mashine ni mwendo wa mkono wake, na hofu haipati nafasi.

Gharama yake ni kwamba kitambaa kinaongozwa kwa mkono wa kushoto peke yake. Kwa pindo la shati si tabu. Kwa pazia la urefu wa dirisha zima, au shuka, au sketi yenye marinda mengi, kitambaa kinavuta upande wa kushoto kwa uzito wake na mshono unaanza kwenda mrama. Dawa ni pini nyingi, au kupiga bandi kwanza, na meza iliyorefushwa kushoto ili kitambaa kipumzike badala ya kuning'inia. Inawezekana kabisa, inataka subira. Kuna kundi moja ambalo huona hali hii tofauti: watu wa mashoto. Mkono wao wenye ustadi ndio unaobaki kwenye kitambaa, na mkono wa kulia unafanya kazi isiyotaka akili nyingi. Kwao cherehani ya mkono ni kama ilitengenezwa kwa kuwafikiria.

Jambo jingine lisilosemwa vya kutosha ni nguvu. Gia inayogeuza mzunguko mmoja kuwa mitatu inakuongezea mwendo, na mwendo huo unaulipia kwa jasho. Ukifika penye mkutano wa mishono ya jinzi, tabaka sita au nane, mpini unakuwa mzito ghafla. Hapo uachane nao, ushike gurudumu lenyewe na ulizungushe taratibu mpaka upite. Anayeumwa bega au kiwiko cha kulia alifikirie hili kabla ya kuvutiwa na umbo dogo la mashine.

Miguu inavyojifunza

Kwenye cherehani ya mguu, pedali husukuma fimbo, fimbo huzungusha gurudumu kubwa la chini, na mkanda wa ngozi hupeleka mzunguko huo juu. Gurudumu la chini ni kubwa mara kadhaa kuliko la juu, kwa hiyo kukanyaga kidogo kunazaa mishono mingi. Lakini siri yake kubwa ni uzito. Gurudumu lile la chuma likishaanza kuzunguka linahifadhi nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayoisukuma sindano ipenye kitambaa kinene bila wewe kuhisi. Penye jinzi, turubai jepesi au koti lenye bitana, ya mguu inaiacha ya mkono mbali.

Na mikono yote miwili iko huru. Mmoja mbele ya sindano, mwingine nyuma au pembeni, unaongoza, unanyoosha, unalegeza. Duara la shingo au mkono wa shati unaoingizwa kwenye kishimo chake, kazi zinazomtesa mwenye mpini, hapa zinakwenda kama kawaida. Anayeshona nguo za kuvaa, hasa anayeshona nyingi, sioni kwa nini achague kingine kama ana pa kuiweka.

Ila miguu inapaswa kufundishwa. Fimbo ina sehemu mbili, juu kabisa na chini kabisa, ambazo hata ukikanyaga kwa nguvu gurudumu haliendi. Ndiyo maana safari huanzishwa kwa mkono wa kulia kuligusa gurudumu la juu likaja upande wako, kisha miguu inadaka. Ukianza vibaya, gurudumu linarudi kinyume, na uzi unakatika au unajikunja chini ya kitambaa. Mwanafunzi mpya hukata tamaa hapo na kudhani mashine ni mbovu.

Namna nzuri ya kujifunza ni kulegeza skrubu kubwa iliyo katikati ya gurudumu la juu, ile inayolegezwa wakati wa kujaza bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Sindano itatulia, na wewe utakanyaga tu, bila uzi wala kitambaa, mpaka mwendo uwe sawasawa. Weka miguu yote miwili, mmoja mbele kidogo na mwingine nyuma, ili kisigino kimoja na vidole vya mguu wa pili vipokezane. Viatu vyembamba au miguu mitupu huhisi pedali vizuri zaidi. Ukizoea, kaza skrubu na ushone karatasi yenye mistari bila uzi. Kitambaa kije mwisho. Mwili ukishashika mwendo huo hausahau, na utashangaa jinsi unavyoweza kushona mishono miwili tu kisha ukasimama, jambo ambalo watu hudhani ni la ya mkono peke yake.

Unapokagua meza ya pedali, tazama kama bado ina kinga ya nguo, kile kipande cha chuma kinachozuia gauni refu lisiingie kwenye gurudumu kubwa. Mara nyingi kimepotea. Kama nyumbani kuna watoto wadogo, vua mkanda kwenye gurudumu kila umalizapo kazi; vidole vidogo hupenda kuchezea kile kinachozunguka.

Kuhusu kubeba, tuelewane. Cherehani ya mkono huitwa ya kubebeka, lakini hata kichwa cha robo tatu kikiwa na sanduku lake kinapita kilo 10. Utaihamisha kutoka kabati hadi meza. Hutaisafirisha kwa furaha. Na kabla ya kuiinua kwa kushika mpini wa kifuniko, hakikisha kufuli limeshika kweli. Kufuli za zamani huachia bila taarifa, na mashine ikiangukia sakafuni, chuma cha kusubu hupasuka badala ya kupinda.

Chini ya bamba la sindano

Hapa ndipo ningependa kila mnunuzi atumie muda mwingi, maana utaratibu wa kubeba uzi wa chini una uzito kuliko swali la mguu au mkono, na unaligusa swali hilo lenyewe.

Kuna mashine zenye shato refu lenye umbo la mtumbwi, linalobeba bobini nyembamba kama kijiti. Singer 27 na 28, na warithi wao 127 na 128, ziko hivi: shato linabembea mbele na nyuma chini ya kitambaa. Mshono wake ni mzuri mno, mwembamba na sawa. Lakini kitu kinachobembea lazima kisimame na kugeuka kila mshono, na mwendo ukiwa mkali mashine inatetemeka na kupiga kelele. Kwa sababu hiyo naziona zinapendeza zaidi zikiwa na mpini. Mwendo wa mkono ndio mwendo wake. Bobini yake pia ni ya peke yake: shato likipotea, umepoteza mashine mpaka upate jingine la modeli ile ile, kwa kuwa mashato ya kampuni tofauti hayabadilishani.

Kundi la pili lina ndoana, kipande kinachoudaka uzi wa juu chini ya bamba, inayozunguka nusu na kurudi, pamoja na bobini ya mviringo. Singer 15 inaweka bobini yake wima, ndani ya kikombe kinachochomolewa upande wa kushoto. 66 na ndugu yake mdogo 99 zinailaza chini ya kibamba cha kuteleza, ukikivuta unaona imepungua kiasi gani. Bobini za 15 na za 66 zinafanana kwa jicho lakini si sawa. Ya 15 ni bapa pande zote, ya 66 imetuna kidogo, na ukiweka ya mwenzake mshono unaharibika bila sababu inayoonekana.

Kisha kuna 201, iliyotoka miaka ya 1930, ambayo ndoana yake inazunguka mzunguko mzima bila kurudi. Hakuna kinachosimama na kugeuka, kwa hiyo ni laini na tulivu ajabu. Ukikuta 201 ya mkanda yenye matundu ya bawaba, iweke kwenye meza ya pedali na hutatamani mashine nyingine ya kushona mstari ulionyooka. Hayo ni maoni yangu, na nayasimamia.

Kwa anayetaka kazi kuliko kumbukumbu, modeli 15 ndiyo chaguo salama. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vya Japani viliifuata ramani yake na kuitoa kwa majina mengi yasiyohesabika. India na China nazo zilitengeneza za aina hiyo, na ndiyo maana utakutana na Usha au Butterfly ambayo vipuri vyake vinaingiliana na vya Singer. Nyumba ya bobini, bobini, springi ya kikaza uzi, mkanda: vyote bado vinatengenezwa. Hakuna modeli nyingine ya zamani yenye bahati hiyo.

Sindano ndiyo mtihani wa mwisho. Singer 15, 27, 28, 66, 99, 127, 128 na 201 zote zinatumia sindano ya kawaida ya leo ya majumbani, iliyoandikwa 15x1 au 130/705 H kwenye pakiti. Fikiria: mashine ya zaidi ya miaka 100 inakubali sindano iliyotengenezwa mwaka huu. Singer 12, ile yenye kitako kilichobonyea kiunoni iliyotoka mwaka 1865, inataka sindano ya 12x1, na hizo ni za kusakwa. Willcox & Gibbs, mashine ndogo ya mnyororo wa uzi mmoja, ina sindano yake. Singer 20, ya watoto, nayo ina yake, 24x1. Hushona mnyororo wa uzi mmoja unaofumuka ukivutwa, kwa hiyo usiidhanie kuwa ni 99 iliyopungua ukubwa. Uliza sindano kwanza, uliza mengine baadaye.

Na unapoiweka, kumbuka kwamba upande bapa wa sindano hauelekei sehemu moja katika mashine zote. Kanuni isiyobadilika ni hii: uzi huingia tunduni kutoka upande wenye mfereji mrefu, na upande bapa hutazama ndoana au shato. Mashine nyingi zinazosemwa kuwa zinaruka mishono hazina ugonjwa mwingine ila sindano iliyogeuzwa.

Jambo dogo kuhusu miguu ya kukandamiza kitambaa: modeli nyingi nilizozitaja zinakubali miguu ya kisasa ya shina fupi inayofungwa kwa skrubu ya pembeni. Baadhi ya 66 za mwanzo hufungwa kwa nyuma, na vifaa vyake ni adimu. Usiikatae kwa hilo, ila uhesabu kwamba vipindio na vikunja marinda havitakuja kirahisi.

Kuifufua: ipi ina kazi zaidi?

Kichwa ni kazi ile ile kwa zote. Mashine iliyokwama mara nyingi haijafa. Imegandwa na mafuta ya zamani yaliyogeuka gundi, hasa kama mtu aliipaka mafuta ya kupikia. Tia mafuta ya cherehani kwenye kila tundu na kila mahali chuma kinaposugua chuma, acha yaingie, jaribu kulitikisa gurudumu kidogo mbele na nyuma, ongeza, subiri. Mafuta ya taa huyeyusha gundi hiyo vizuri, lakini hayalainishi chuma kwa muda, kwa hiyo yafuatishwe na mafuta ya cherehani. Joto la kikausha nywele husaidia. Nguvu haisaidii kamwe. Kwenye 66 na 99, tafuta kipande kidogo cha sufu nyekundu chini ya nyumba ya bobini. Kazi yake ni kuilowesha ndoana mafuta, na kikikauka mashine hulalamika kwa sauti ya kukwaruza.

Rangi nyeusi na maua yake ya dhahabu yanataka heshima. Juu yake kuna vanishi ya shelaki, na spiriti huiyeyusha papo hapo. Pamba moja yenye spiriti inaweza kufuta nakshi iliyodumu tangu kabla ya bibi yako kuzaliwa. Maji ya sabuni kali na amonia nayo ni adui. Tumia pamba na mafuta ya cherehani, sugua taratibu, jaribu kwanza chini ya kitako pasipoonekana. Nakshi zilizokwisha kugeuka rangi ya fedha zimeshapoteza ngozi yake ya juu. Ziguse kidogo kabisa. Na nakuomba usipake rangi mpya juu ya rangi ya asili iliyochakaa. Kuchakaa pale mikono ilipopumzika ni sehemu ya historia ya mashine, na mkusanyaji yeyote makini ataithamini zaidi ikiwa hivyo.

Zaidi ya kichwa, ya mkono ina vitu vichache vya kushughulikia: gia mbili za mpini, ambazo husafishwa na kutiwa grisi kidogo, na sanduku la mbao. Ya mguu ina vingi. Kuna ekseli ya gurudumu kubwa, ncha mbili za pedali, na ungio la fimbo, ambako kulegea kidogo huleta mlio wa kugonga kila mzunguko. Vyote hulegezwa, husafishwa, hutiwa mafuta na kukazwa mpaka viende bila kuchezacheza. Kutu ya miguu ya chuma hutoka kwa brashi ya waya. Kazi ngumu ni meza: tabaka jembamba la mbao nzuri la juu huvimba kwa maji na kubanduka, na kulirudisha kwa gundi na jiliwa kunataka mkono mtulivu. Mkanda wenyewe ni rahisi. Kata ngozi kwa urefu unaotakiwa, toboa ncha, unganisha kwa kibanio chake cha waya. Usiukaze sana. Mkanda uliokaza kupita kiasi hufanya pedali iwe nzito na watu hulaumu mashine. Ukaze kiasi cha kutoteleza tu.

Kwa hiyo ya mguu ina jasho zaidi, lakini hakuna sehemu yake moja iliyo ngumu kuielewa. Kila kitu kiko wazi mbele ya macho. Mtu asiyewahi kushika spana anaweza kuijifunza yote.

Kabla ya kununua yoyote, hakikisha vipo: shato au nyumba ya bobini, walau bobini moja, vibamba vya kuteleza, na springi ndogo ya kikaza uzi. Zungusha gurudumu upande wako na utazame meno ya kuvuta kitambaa yakipanda, yakisogea na kushuka. Mkwaruzo wa rangi ni bei ya umri. Kibamba kinachokosekana ni safari ndefu ya kutafuta.

Wanaokusanya

Kama lengo ni kukusanya, ya mkono inashinda kwa hesabu ya rafu tu: mashine kadhaa hukaa palipotakiwa meza moja ya pedali. Namba iliyogongwa kwenye kitako itakuambia umri. Za Singer zilizotengenezwa kabla ya 1900 zina tarakimu tupu. Tangu hapo namba hutanguliwa na herufi, na herufi hiyo huonyesha kiwanda. Herufi K mwishoni mwa jina la modeli, kama 99K au 201K, ni ya kiwanda cha Kilbowie, Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa katika miaka ya 1880 na kufungwa mwaka 1980. Kiwanda hakipo tena, lakini kituo cha treni cha hapo bado kinaitwa Singer. Mashine nyingine zilitoka Elizabeth huko New Jersey, Wittenberge huko Ujerumani, au Podolsk huko Urusi, na kuzitofautisha kwa herufi ni burudani inayoweza kumla mtu usiku kucha.

Uzee peke yake haumaanishi uadimu. Singer zilitengenezwa kwa mamilioni, na Jones ya Uingereza iliyoandikwa kuwa ilipelekwa kwa Malkia Alexandra si mashine ya malkia. Maandishi hayo yako kwenye mashine nyingi mno za kampuni hiyo. Nunua ile ambayo hali yake ni njema na ambayo utaishonea.

Kile ambacho zote haziwezi

Ukitaka zigizagi, au ukishona zaidi vitambaa vinavyonyumbulika, si ya mguu wala ya mkono itakayokuridhisha. Bila zigizagi, kingo hufichwa kwa kukunja mshono ndani ya mshono, ustadi unaotoa nguo safi kuliko kingo nyingi za kiwandani. Nyingi pia hazirudi nyuma: 27, 28, na 66 na 99 za mwanzo huenda mbele tu, ilhali 15-88 ya pedali ina mkono wa kurudisha. Bila huo, funga mwisho wa mshono kwa kufupisha mishono, au geuza kitambaa ushone tena juu ya mishono michache. Matundu ya vifungo yana kifaa chake kinachofungwa pale penye mguu wa kukandamiza na kukiyumbisha kitambaa kushoto na kulia badala ya sindano. Kwa pedali, tundu moja linakwisha haraka na linatoka zuri kuliko la mashine nyingi za kisasa. Kwa mpini linawezekana pia, ila utazungusha, na kuzungusha.

Nani achukue ipi

Mwenye chumba kimoja, anayeshona viraka, vitu vidogo, marekebisho ya nguo na zawadi, achukue ya mkono, na ningemwelekeza kwenye 99 kwanza, kisha 128 kama anapenda shato refu. Anayemfundisha mtoto, vivyo hivyo. Mtu wa mashoto, bila kusita.

Anayeshona nguo nzima, mapazia, mashuka, au jinzi, au anayetaka kushona saa nyingi bila bega kuuma, achukue ya mguu yenye kichwa cha 15 au cha 201. Kama magoti au vifundo vya miguu vinamsumbua, ajaribu kukanyaga kwanza kwa muda wa kutosha kabla ya kulipa. Kwa wengine mwendo ule ni zoezi zuri, kwa wengine ni maumivu.

Anayeshona ngozi na viatu asipoteze muda na mojawapo ya hizi. Singer 29 ya mafundi viatu, ambayo mguu wake wa kukandamiza huzunguka pande zote, ndiyo iliyoundwa kwa kazi hiyo.

Na asiyeweza kuamua atafute kichwa kamili cha modeli 15 chenye kinundu cha mota, gurudumu la spoku na matundu mawili ya bawaba. Akianza nacho kwenye kitako cha mbao na mpini, siku atakapopata meza ya pedali atafungua skrubu moja, atavua mpini, atakishusha kichwa kwenye bawaba zake na kuvisha mkanda.